Mti Usiofundishwa Kemia

Mwalimu hana salamu. Sisi wengine husema sasa, au habari ya asubuhi, au tunainua mkono tu kama askari wa trafiki aliyechoka. Yeye hukukabidhi jani. Ukimkuta langoni pake huku mtaani kwetu Free Area, utaona ameshalichuma kabla hujafika, amelishika kwa ncha za vidole viwili, na kabla hujafungua mdomo liko mkononi mwako.

"Nusa."

Ukilipeleka puani hivyo lilivyo, umefeli.

"Hujalifikicha. Unanusa mlango uliofungwa."

Ndipo unalifikicha, harufu inatoka, na Mwalimu anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, kana kwamba harufu ni yake na amekubali kukuazima. Nimemjua zaidi ya nusu ya maisha yangu na sikumbuki akiniuliza habari za nyumbani. Habari za nyumbani huzisoma kwa jinsi unavyonusa. Mtu mwenye haraka hunusa mara moja akasema poa. Mtu mwenye jambo moyoni hunusa, akanyamaza, akanusa tena. Siku niliporudi Nakuru na masanduku yangu, baada ya Nairobi kunishinda, alinipitishia jani la mchaichai juu ya ua wa kayaba unaotenganisha viwanja vyetu. Akanitazama nikilinusa, na kulinusa tena. Kisha akasema, "Karibu. Huku maji hutoka Jumanne."

Alinifundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa mjini, enzi ambazo maabara yetu ilikuwa na meza, stuli na mabomba makavu, na vifaa vingine vyote ulitakiwa kuviwazia. Vile vitufe vya rangi vya kuonyesha jinsi atomu zinavyoshikana tuliviona kwenye picha tu. Mwalimu alitumia githeri. Aliagiza sahani kutoka jikoni mwa shule, akatangaza sheria: haragwe ni kaboni, punje ya hindi ni haidrojeni, kijiti cha meno ndicho kinachoziunganisha. Oksijeni ilikuwa minji, hizi njegere za kijani, siku ambazo minji ilipatikana.

"Maharagwe matano, mahindi manane," alisema, akiinua juu kidude kilichong'aa mafuta ya kupikia. "Hili ndilo tofali. Mmea unavuta hewa, unashika jua, unatengeneza sukari. Sukari hiyo unaivunja, unaiunda upya ikawa kipande cha kaboni tano kama hiki. Unganisha vipande viwili kwa namna moja, umepata harufu ya ganda la chungwa. Vipange vile vile viwili kwa namna nyingine, umepata harufu ya mpaini. Weka na oksijeni pembeni hapa, unakaribia mkaratusi. Vitu ni vile vile. Kinachobadilika ni ujenzi."

Shida ni kwamba kipindi cha kemia kilitangulia chakula cha mchana. Mara nyingi, akigeuka kutoka ubaoni, alikuta chungwa lake la maharagwe limepungua.

"Nani amekula kaboni?"

Wote tukatazama dari.

"Nimeuliza, nani amekula kaboni ya watu?"

"Mwalimu, imeyeyuka hewani," ikajibu sauti moja kutoka nyuma.

Hata yeye alicheka, na baada ya kucheka akamkabidhi mwenye sauti ufagio. Mtu huyo alifagia maabara mpaka shule ilipofungwa. Kwa kuwa ufagio wenyewe naukumbuka kwa viganja vyangu, sioni haja ya kumtaja.

Lakini aliyoyasema yalikaa. Mpaka leo siwezi kumenya chungwa bila kukumbuka alivyolikamua ganda karibu na mshumaa na cheche zikaruka, au alivyolishika jani la mkaratusi dhidi ya dirisha ili tuone vitone vinavyopitisha mwanga. "Hayo ni matangi," alisema. Mnanaa na jamaa zake, alitueleza, hawana matangi ya ndani. Mafuta yao yako nje, juu ya vinywele vidogo sana vyenye kichwa, mfano wa kijiti cha kiberiti. Ukiligusa jani unavivunja vile vichwa, na hapo ndipo harufu inapotoroka. Mmea unayatenga mafuta hayo kwa sababu yangeudhuru wenyewe, kama vile mtu mwenye akili asivyoweka mafuta ya taa kando ya unga.

Alikuwa na namna ya kukutoa kwenye kitabu na kukurudisha mtaani. Siku moja tulimwuliza kwa nini yasmini ya usiku, iliyokuwa imeota karibu na bweni, ilinukia jioni tu.

"Jamaa wa chipsi kule Kaptembwo huwasha jiko saa ngapi?"

"Jioni, Mwalimu."

"Mbona si asubuhi?"

"Asubuhi watu wako kazini. Atamkaangia nani?"

"Basi na huyu wateja wake ni nondo. Nondo hutoka jioni. Hawezi kuchoma mafuta mchana kutwa kwa ajili ya watu ambao hawapiti." Akaandika ubaoni, kwa ile chaki fupi ambayo mpaka leo huiweka kwenye mfuko wa koti, maneno ambayo hayakuwa katika silabasi yoyote: *Ua linauza. Jani linapigana.*

Jani linapigana na nani? Na viwavi, alisema. Na ukungu. Na mbuzi. Na jua kali na ukame. Harufu ya jani ni silaha, na haikutengenezwa kwa ajili ya pua zetu. "Wewe umepita tu katikati ya vita vya wenyewe," alisema, "ukasimama, ukasema, aa, huku kunanukia vizuri."

Hapo ndipo alipopata falsafa yake ya malezi, na hapo ndipo sisi tulipopata taabu. Aliamini kwamba mmea unaopewa maji mengi, mbolea na kivuli hunenepa tu, ukatoa majani mapana yasiyo na harufu, ilhali ndugu yake aliyeota kwenye mawe hunukia mpaka ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo hakutupa muhtasari. Hakutudokezea mtihani. Ukiomba jibu alikwambia, "Nakunyima maji," akaondoka akipiga mluzi. Wanafunzi tulimpa jina la Kiangazi. Wenzangu kadhaa walitoka wakanukia kweli, mmoja ni daktari, mwingine ni mhandisi. Mimi nilinyimwa maji miaka miwili mfululizo na bado mtihani wa kemia ulinishinda. Aliposikia chuo kikuu nimechukua fasihi, alifikiri kidogo, akanipa tawi la rosemari, akasema hata ukungu una kazi yake duniani.

Ukali wake haukustaafu naye. Muulizeni Mama Shiro, mwenye kibanda cha mboga na vitu vidogo vidogo mkabala na lango langu. Mwalimu akienda kununua chumvi, lazima achukue sabuni moja rafuni, aigeuze, asome nyuma.

"Ati limau. Limau gani hii?"

"Ya kiwanda, Mwalimu. Nunua ama uweke chini."

"Hii haijawahi kuona limau hata kwa picha."

"Na wewe hujawahi kununua sabuni hapa hata kwa ndoto. Kila siku ni kuzinusa tu. Utazimaliza harufu, niuzie watu nini?"

Huyo ndiye mtu ninayemjua. Lakini nyuma ya nyumba yake, kando ya tangi la maji, upo mti mmoja ambao kwa miaka kadhaa ulimpinga hadharani.

Ni mleleshwa. Anayeijua barabara ya kutoka Gilgil kwenda Elementaita anajua kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeupanda. Umejiotea wenyewe kila mahali, vichaka na vichaka vya majani ya kijivu yenye tumbo jeupe, na ng'ombe hupita ndani yake wakatoka wananukia kuliko wenyewe. Uliletwa Free Area na mke wa Mwalimu, marehemu Mama Chebet, ukiwa mche uliofungwa kwa gunia bichi. Kwao walikuwa wafugaji, juu ya ziwa Elementaita. Mwalimu ni mtoto wa nyumba za reli hapa mjini, wazee wake walitoka magharibi kufuata kazi, na utotoni alikulia kwenye harufu ya dizeli. Alipenda kusema alioa pua.

Mama Chebet aliupanda mti ule na kuusahau. Nadhani huo ndio uliokuwa utunzaji wake. Aliuacha ukapigwa na jua na vumbi, na ukanukia hivi kwamba nguo zilizoanikwa karibu nao zilirudi ndani zikiwa na harufu ya dawa ya kifua iliyochanganywa na asali. Majani yake aliyaweka kwenye sanduku la bati lenye mablanketi. Kwao, binti akiolewa hutoka na blanketi ambalo mama yake amelilaza kwenye majani ya leleshwa ya nyumbani, ili usiku wake wa kwanza ugenini ajifunike kwao. Yeye mwenyewe aliingia Free Area na blanketi kama hilo. La binti yake wa pekee, Chebet, alikuwa amelinunua mapema, jekundu lenye mistari myeusi, akalifungia sandukuni akisubiri.

Kisha akaugua. Hospitalini alimwachia Mwalimu maagizo mawili. Mwalimu aliniambia habari hiyo juu ya ua, akiwa na jani mkononi ambalo siku hiyo alisahau kunipa.

"La kwanza, Chebet akitoka apewe blanketi lake, linukie. La pili, akanishika mkono, akasema, mti wangu usiufundishe kemia. Uupe maji."

Alimjua mumewe.

Mwalimu akaupa maji. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya msiba, yatapita. Hayakupita. Kila jioni, mtungi mzima. Mifereji ilipokauka mtaa mzima, na sisi tukioga kwa kikombe, maji ya Mwalimu ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye mleleshwa. Akauwekea samadi. Jua lilipozidi akautundikia neti ya kivuli. Mtu aliyetuita wavivu kwa kuomba muhtasari alikuwa akiukandia mti udongo kwa vidole. Mama Shiro alimwambia wazi, "Mwalimu, huo mti unakunywa kushinda ng'ombe wa maziwa. Unakamuliwa saa ngapi?"

Ulinenepa. Ulirefuka ukapita tangi, ukatoa majani laini, mapana, ya kijani kibichi ambacho sijawahi kukiona kwenye mleleshwa mwingine. Na harufu ikaondoka. Kiangazi alikuwa amegeuka masika, na mti ukafanya kile alichokuwa ametuambia siku zote kwamba ungefanya.

Alijua. Msije mkadhani hakujua. Alikuwa akikupa majani ya mimea yake yote, lakini ya mti ule hakukupa.

Krismasi Chebet akaja kutoka Eldoret, anakofanya kazi ya uuguzi, akasema kuna kijana wa Kitale na kwamba wazee wa kijana wangekuja kabla ya Pasaka kumchukua. Tulifurahi, tukanywa soda. Mwalimu akaenda chumbani akarudi na lile sanduku la bati, akalifungua mbele yetu. Chebet akalitoa blanketi, akaliinua usoni.

"Inanukia sanduku, Baba," akasema.

Majani yaliyokuwemo yalikuwa yamegeuka unga zamani. Mwalimu akatoka nje, akarudi na jani la kando ya tangi. Chebet akalifikicha vizuri, jinsi alivyofundishwa tangu mdogo. Akatafuta neno la heshima.

"Inanukia... kijani."

Hakuongeza. Ana tabia ya mama yake ya kumaliza mambo kwa kunyamaza. Mimi, ambaye sina tabia hiyo, nikasema kwamba twende tu Gilgil na gunia, leleshwa imejaa kando ya barabara, hata mbuzi wameichoka. Mwalimu akanitazama jinsi alivyonitazama ilipopotea kaboni.

"Hiyo ni leleshwa," akasema. "Mimi natafuta ya mama yake."

Baada ya sikukuu alinieleza hesabu ilivyokaa, nasi tukiwa tumesimama mbele ya mti. Akiendelea kuunywesha, Chebet atatoka na blanketi lisilo na kitu. Akiunyima, amelivunja neno la pili la marehemu. Na haikuishia hapo. Mti uliozoea kupewa kila jioni haujipeleki chini kutafuta. "Mizizi yake imekaa juu juu," alisema, "kama wapangaji. Nikiukatia ghafla unaweza kufa kabisa, na mwingine aliopanda yeye sina."

"Kwa hiyo?"

"Nitaupunguzia polepole. Halafu nitaacha."

Januari ya bonde letu haihitaji msaada. Vumbi lilipanda kutoka ufuoni mwa ziwa likakaa kwenye meno yetu, ambayo maji ya huku tayari yameyapa rangi ya chai. Kila jioni Mwalimu alitoka na jagi lake kama kawaida. Alimwagia mchaichai, rosemari, mnanaa, akavuka hata upande wangu akamwagia sukumawiki zangu ambazo nilikuwa nimezikatia tamaa. Mleleshwa aliupa nusu, kisha kikombe, hatimaye akawa anaupita akiangalia pembeni, mfano wa mtu anayepita nyumba ya ndugu aliyekosana naye. Jioni moja nilikuwa nimeinama nyuma ya kayaba nikitafuta ndala yangu, nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Vumilia kidogo, mama. Ni kwa sababu ya mtoto." Nilibaki nimeinama mpaka alipoingia ndani. Mgongo wangu una kumbukumbu ya heshima hiyo.

Yale majani mapana yalilegea, yakawa manjano, yakaanguka. Mwalimu aliyaokota moja moja. Yaliyobaki yalijikunja, yakawa madogo na ya kijivu, na tumbo lao likarudia weupe. Nilipewa kazi ya pua ya pili.

"Nusa."

"Afadhali."

"Afadhali si kipimo. Ulisomea maneno, yatumie."

"Kama mtu anajipaka dawa ya kifua nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Sasa unaongea."

Wiki iliyofuata dawa ilikuwa nyumba ya pili. Tawi moja zima likakauka, na Mwalimu akaacha kula vizuri. Nikamwuliza kama si bora kuurudishia maji, Chebet angeelewa. Akasema Chebet angeelewa, ndiyo, na ndiyo sababu hawezi. Watu wanaoelewa ndio hukosa vitu.

Kisha wingu likaonekana juu ya Menengai, kabla ya wakati wake. Mji mzima ulikuwa ukililia. Kanisani kwetu, ambako Mwalimu ni mzee wa kanisa, Jumapili ile ilitangazwa kuwa ya kuombea mvua, na aliyesimamishwa kuongoza maombi, kwa umri na kwa sauti, alikuwa yeye. Sijui alitumia dakika gani kuamua. Alifumba macho, akaanza. Aliomba mvua inyeshe Molo. Aliomba inyeshe Njoro kwenye ngano, na Bahati kwenye mahindi, na Subukia. Akaomba isiwasahau watu wa Rongai. Akavuka, akaiombea Elementaita kwa kirefu. Akanyamaza. Tukasubiri. Akasema amina.

Mama Shiro, aliyekuwa kando yangu, akafungua jicho moja. "Kwani Free Area tumefanya nini?"

Mungu hakuufuata mpango. Katikati ya juma, saa tisa alasiri, matone ya kwanza yakagonga mabati. Watoto walimiminika barabarani wakipiga kelele. Akina mama walitoa ndoo, sufuria, beseni, hata vikombe. Nilitoka nikapanua mikono kama mtu kwenye kalenda ya kanisa, na hapo nikasikia naitwa kutoka upande wa pili.

"Wewe mwandishi! Shika upande huo!"

Alikuwa juu ya ngazi, na turubai la buluu, lile la kufunikia kuni. Nikaruka. Tulilivuta turubai juu ya mti, tukalifunga kwenye tangi na kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Kisha akanipa jembe, nikachimba mtaro kuyazuia maji yasifike shinani, kazi ambayo tangu nizaliwe sijaifanya sawasawa na siku hiyo sikuianza. Yeye alisimama chini ya turubai ameukumbatia mti ili upepo usiutikise. Suruali zetu zilikuwa tope tupu. Mtaa mzima ulikuwa ukishangilia maji, na sisi, mstaafu wa kemia na mhitimu wa fasihi, tulikuwa tunakinga kichaka kisinyeshewe.

Mama Shiro alitutazama juu ya kayaba, ndoo kichwani.

"Mwalimu! Si mti ndio unataka mvua? Wewe ndio unafaa kufunikwa, bana!"

"Nenda ukinge maji yako, Mama Shiro!"

"Nakinga! Na yako pia nakinga, kwa sababu naona leo huyataki!"

Mvua haikudumu. Ilikuwa ya kupita, kisha mbingu ikafungwa na ule upepo mkavu ukarudi. Tulilifungua turubai, Mwalimu akachukua jani, akalifikicha, akalinusa mwenyewe. Akakunja turubai. Usiku huo nilimsikia akipiga mluzi akiosha sahani, jambo ambalo lilikuwa limekoma tangu Januari.

Chebet alikuja siku chache kabla ya wageni. Mwalimu alimzuia kugusa mti mpaka asubuhi iwe imekomaa. Umande uishe, alisema, kwa sababu jani lenye maji litaoza sandukuni. Lakini jua lisipande sana, maana likipanda linaanza kuyachukua mafuta lenyewe. Akatoka na kikapu. Mimi nilikuwepo kwa kisingizio cha kurudisha jembe.

Chebet akachuma jani moja la kijivu, dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Akalifikicha. Sikuhitaji kuwa karibu. Harufu ilinifikia nilipokuwa, chungu kidogo, tamu kidogo, na nikakumbuka kamba ya nguo ya miaka ile. Yeye alilinusa. Akanyamaza. Akalinusa tena.

"Baba," akasema.

Mwalimu akaanza kutafuta kikapu, ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Wageni wa Kitale walifika, tukala, tukahutubiana kupita kiasi. Ulipofika wakati wa Chebet kutoka, mama yake mdogo, aliyekuja kutoka Elementaita na shuka begani na macho ya mkaguzi, ndiye aliyefungua sanduku. Akalikunjua blanketi jekundu, akaliweka usoni, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyotarajia. Kisha akageuka.

"Nani aliweka majani haya?"

"Ni mimi, shemeji," akasema Mwalimu.

"Wewe? Mwanamume?"

"Mti ni wa dada yako. Mimi nilichuma tu."

Yule mama akamtazama, akamtazama na mti uliokuwa ukionekana juu ya paa la jikoni, umekonda, na tawi moja limekufa. Akamfunika Chebet mabegani, akalibana blanketi kifuani pake kwa mkono mmoja. "Haya," akamwambia. "Nenda. Hapo uko na watu wako."

Sasa masika yamepita na mji umekuwa kijani tena bila maombi ya mtu. Juzi jioni nilienda kwa Mwalimu kuomba limau. Nilimkuta kando ya tangi na jagi. Tawi kavu alikuwa amelikata, na chini yake machipukizi yalikuwa yametoka, laini, mapana, ya kijani kile kile cha aibu. Alikuwa akiumwagia mti maji taratibu, kuzunguka shina, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono.

"Mwalimu, utaimaliza harufu tena."

"Harufu ilikuwa ya Chebet. Ameondoka nayo. Jana amenipigia simu, anasema mpaka mapazia yao sasa yananukia."

Nilimtazama mzee huyu ambaye alinilea kwa kiu, na nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia kwamba kama ni hivyo, basi labda hata sisi, miaka ile, tungepewa maji kidogo tungefanya vizuri. Labda ile hesabu ya majani na watoto ilikuwa na kosa mahali.

Alilifikiria swali hilo kwa uzito uliostahili. Aliweka jagi chini kabisa.

"Wengine, ndiyo," akasema. "Nimewakumbuka wengine. Ningewapa." Akaliinua jagi tena. "Wewe hapana. Wewe ungekula tu kaboni ukiwa umeshiba."

Tulicheka mpaka Mama Shiro akauliza kutoka ng'ambo kuna nini. Kisha Mwalimu akanyoosha mkono, akachuma jani moja la yale machanga na, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akanipa jani la mti ule kwa salamu tu, si kwa kipimo. Nikalifikicha vizuri. Nikalinusa. Nikalinusa tena.

"Inanukia?"

Nikafikiria kudanganya, nikaona hataamini.

"Kidogo sana, Mwalimu."

"Vizuri," akasema, akamalizia maji yaliyobaki. "Basi mti hauna shida."